Tafsiri ya Madam Taghreed

Wiki moja kabla ya mitihani ya muhula, duka la steshenari lililo karibu na stendi ya mabasi ya Tabora huwa halina tofauti na mnada wa ng'ombe. Walimu wa nusu ya mji hufika siku moja, kila mmoja na flashi yake mkononi, kila mmoja akidai kwamba mtihani wake ndio wa haraka. Siku hiyo mashine moja ilikuwa imekufa na ya pili ilinuka moshi. Karatasi zilitoka zikiwa za moto, zikarundikwa mezani, na Anifa, mwenye duka, alikuwa ameshaacha kusoma majina ya shule. Alimgawia aliyenyoosha mkono.

Ndivyo mtihani wa Kiingereza wa kidato cha pili wa shule ya Royal Sunrise ulivyoangukia mikononi mwa Twalibu Sayi.

Twalibu alikuwa mwalimu wa shule moja ya serikali, mwenye miaka thelathini na miwili, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzuri na maringo mabaya. Alikuwa amerudi miezi minne nyuma kutoka Uholanzi, alikosomea shahada ya pili ya ufundishaji wa lugha, na bado alivaa viatu vya ngozi vya baridi katika jua la Tabora ili asiyejua aulize. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kisha akacheka kwa pua.

"Maswali ishirini ya kugeuza sentensi," alimwambia Anifa, kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Juma alimchinja mbuzi. Mbuzi alichinjwa na Juma. Mtoto akimaliza hapa atajua kila kitu cha mbuzi isipokuwa kumuuliza mtu bei yake."

"Huyo mbuzi ni wangu," ilisema sauti nyuma yake. "Nipe."

Aligeuka. Msichana aliyesimama pale alivaa abaya ya bluu ya giza na mtandio wa rangi ya zafarani, na mkono aliounyoosha ulikuwa na bangili tatu nyembamba za dhahabu. Macho yake yalikuwa makubwa, yenye wanja, na yalimtazama Twalibu kama mtu anavyomtazama nzi aliyeingia kwenye mtindi. Jina lake Taghreed, binti wa Mzee Majid muuza asali wa mtaa wa Gongoni, na alikuwa na miaka ishirini na saba.

Taghreed alimuuliza wanafunzi wake wangapi walifaulu Kiingereza mwaka uliopita. Twalibu akajibu kwamba mwaka uliopita alikuwa nje ya nchi.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema Taghreed. "Walifaulu thelathini na wanane kati ya arobaini. Endelea kucheka."

Akachukua rundo la karatasi, akaondoka. Foleni nzima ikamtazama Twalibu kwa furaha. Dakika kumi baadaye aligundua kwamba katika hasira zake yule madam alikuwa ameondoka na mtihani wake yeye, na Anifa, aliyekuwa akijizuia kucheka, akamwandikia namba ya simu ya madam nyuma ya risiti.

Alipiga kabla ya magharibi.

"Madam, umenichukulia mtihani wangu."

"Najua. Nimeshausoma."

"Umeuonaje?"

"Una picha nzuri. Na tahajia umekosea mara tatu. Huko Ulaya hawakufundishi kuandika?"

 Twalibu akacheka, safari hii si kwa pua, na ndipo Taghreed, aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua mchele, alipojikuta akitabasamu kwenye sinia.

Kutoka hapo simu hazikukauka. Jumamosi walikutana mgahawani karibu na stesheni ya reli, wakanywa juisi ya ukwaju na kubishana. Mapenzi yao yalikuwa ya namna hiyo: wengine hupeana maua, wao walipeana hoja. Twalibu alimsimulia kuhusu Groningen, mji wa baiskeli, ambako alikaa darasani miezi mitatu akitazama watoto wa miaka kumi na minne wakijifunza Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa kwa wakati mmoja. Walikosea ovyo, alisema, wakakosea kwa sauti kubwa, na mwalimu hakumkatiza mtu. Jioni waliwasha televisheni, filamu ikasema Kiingereza na maandishi ya Kiholanzi yakapita chini, na ikawa wamesoma tena bila kujua.

Taghreed naye alimsimulia kuhusu Maskati, mji mkuu wa Oman. Alikaa huko miaka mitatu kwa ami yake, akiwa msaidizi wa darasa katika shule binafsi. Kule, alisema, mtoto husoma fizikia na historia kwa Kiarabu, lugha ya mama yake, na Kiingereza ni somo kama masomo mengine, linaanza darasa la kwanza. Hakuna anayedhani kwamba mtoto akisoma habari za mvua kwa lugha asiyoijua atakuwa na akili zaidi. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipofika kule alikuwa amesoma madrasa miaka tisa, anajua kurasa nzima kwa moyo, na siku ya kwanza mezani alishindwa kuomba maji. Binamu zake walicheka mpaka wakalia. Walimwita kasuku. Ilimchukua miezi minane kuwanyamazisha, na mwishowe alizungumza Kiarabu vizuri kuliko baadhi yao, lakini kicheko kile hakikumtoka.

"Nawachukia mpaka leo," alisema kwa utulivu.

"Nami nawachukia," alisema Twalibu, "na sijawahi kuwaona. Wape salamu zangu."

Wote wawili waliidharau Royal Sunrise, na hilo liliwaunganisha haraka kuliko kitu chochote. Shule ile haikuwa na ufalme wowote, na majengo yake yote yalitazama magharibi. Ada ilikuwa ya Ulaya na choo kilikuwa cha shimo. Mwenye shule, Bwana Yoramu, alihutubia paredi kwa Kiingereza sentensi tatu, zile zile kila Jumatatu, kisha akageukia Kiswahili akisema anawahurumia wasioelewa. Fahari yake ilikuwa kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake akisema, amvishe. Kwa njia hiyo shule ilizalisha wapelelezi hodari na wazungumzaji bubu. Taghreed alikiona kibao kile kila siku. Hakuwahi kumvalisha mtoto, lakini pia hakuwahi kusema neno.

Mwezi wa pili wa mapenzi yao, Twalibu aliomba aje darasani kwake na simu, arekodi. Taghreed alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alimwambia, "Kwa macho yako tu."

"Kwa macho yangu tu, mpenzi. Wallahi."

Alikuja. Alikaa nyuma. Nusu saa nzima watoto arobaini waliimba sentensi zao kama wanavyoimba wapanda treni majina ya vituo, na Taghreed akapiga ubao kwa rula, bangili zikilia. Halafu akafunga mlango. Dakika kumi za mwisho zilikuwa zake mwenyewe: watoto walisukuma madawati, mmoja akawa muuza asali kutoka Sikonge, mwingine mgeni asiyejua Kiswahili, wakapatana bei kwa Kiingereza kilichovunjika vunjika, wakicheka, wakisahihishana, na hakuna aliyeona haya. Simu ya Twalibu ilirekodi yote. Alitoka darasani mle akiwa amempenda mara mbili.

Mapenzi hayo hayakumzuia kufanya alichokifanya.

Mwezi Julai iliandaliwa semina ya walimu wa lugha, walimu sabini katika ukumbi mmoja, chai na maandazi baridi. Twalibu alialikwa kulinganisha namna nchi mbalimbali zinavyofundisha lugha za kigeni. Alivaa suti. Taghreed alikaa safu ya nne akiwa amejipamba kwa ajili yake, mtandio mpya, uturi wa udi, na kila Twalibu alipomaliza hoja alihisi kama ameimaliza yeye. Uholanzi ilipita. Oman ikapita, na alitambua maneno yake mwenyewe, akafurahi.

Kisha Twalibu alisema kwamba anamfahamu mwalimu mmoja aliyekaa madrasa miaka tisa na akashindwa kuomba maji. Ukumbi ukacheka. "Na mtu akifundishwa hivyo," aliendelea, "hufundisha hivi." Akabonyeza kitufe.

Ukutani ikatokea darasa. Uso wa mwalimu haukuonekana, lakini sauti ilikuwa yake, bangili zilikuwa zake, mbuzi alikuwa wake. Alichinjwa mara kumi na mbili mbele ya walimu sabini waliokuwa wakipigana viwiko. Dakika kumi za mwisho Twalibu alizikata. Alikuwa ameziona, alikuwa amezipenda, lakini zingeharibu hoja.

Bwana Yoramu, aliyekaa mbele, alicheka kuliko wote mpaka alipoutambua ukuta wa shule yake. Taghreed alisimama. Alipita mbele ya magoti ya watu saba kufikia njia, akasema samahani mara saba, akatoka.

Kesho yake alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa kuiaibisha shule. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitano, na ilikuwa na makosa sita. Taghreed alikaa kwenye kiti cha mhasibu, akafungua kalamu nyekundu, akayasahihisha yote sita, akaandika chini alama mbili juu ya kumi, akairudisha mezani kwa Bwana Yoramu na kuondoka.

Twalibu alipiga simu siku ile, na siku iliyofuata, na siku tano zilizofuata. Mara moja tu alipokelewa.

"Taghreed, nisikilize kidogo."

"Nilikusikiliza. Mimi na walimu sabini."

"Sikukutaja jina."

"Ndiyo maana watu wanapenda sentensi ile, Twalibu. Mbuzi alichinjwa. Aliyemchinja si lazima atajwe."

Akakata.

Nyumbani mambo yalikwenda haraka. Mzee Majid alikuwa mtu wa upole, asiyependa kelele, na nyumba alikuwa amemwachia mwanawe mkubwa, Murtadha, aliyesimamia duka na kila mtu ndani yake. Murtadha hakuwahi kufika Maskati, lakini alizungumza kana kwamba aliondoka huko jana. Kwa muda mrefu alikuwa akimtaja Qais, mtoto wa ami yao, aliyekuwa na duka la magari na mke aliyemwacha. Sasa alimwambia dada yake kwamba ameona matunda ya kujichanganya na watoto wa wakulima wa tumbaku kama Twalibu, na kwamba Qais bado yuko tayari, ingawa asingelazimika. Taghreed hakubishana. Alipeleka pasipoti yake kuhuishwa. Aliosha vyombo, alipika, alijibu akiulizwa. Mama yake alikuwa amefariki, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba mtu akinyamaza namna ile hajakubali.

Wiki ya tatu Twalibu alikuja dukani kwa miguu. Alimwamkia Mzee Majid, "Shikamoo mzee," akaitikiwa marahaba, akanunua chupa ya asali asiyoihitaji, kisha akaomba ruhusa ya kuzungumza na binti yake. Mzee alimtazama usoni, akaona jinsi alivyokonda, akamwita Taghreed.

Taghreed alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Twalibu alianza kuomba radhi. Alikuwa ameiandaa vizuri, ina utangulizi na vipengele.

"Acha," alisema Taghreed. "Nijibu swali moja. Kabla hujaenda huko Ulaya, wewe ulikuwa unafundishaje?"

Twalibu aliweka chupa ya asali chini. Baiskeli mbili zilizobeba madumu ya asali zilipita nyuma yake. Alichokisema baada ya hapo hakikuwa na vipengele.

Alisema kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa katika shule ya sekondari kwao Puge, wilaya ya Nzega. Alikuwa na miaka ishirini na tano, na kibao cha mbao alikileta yeye mwenyewe, alikichonga nyumbani. Mdogo wake wa kike, Kabula, alikuwa kidato cha tatu hapo hapo. Siku moja alimsikia akisema Kisukuma na mwenzake kisimani. Ili watu wasiseme kwamba anapendelea ndugu, alimvalisha kibao mbele ya shule nzima. Kwa kuwa Kabula alikataa kumkamata mwenzake yeyote, alikivaa siku tatu. Siku ya nne hakuja shuleni, wala hakurudi tena. Miaka saba ilikuwa imepita. Sasa Kabula alikuwa na mgahawa Nzega mjini, na kaka yake alikuwa hajawahi kuingia humo.

Taghreed aliusukuma mlango nusu, Twalibu akadhani utafungwa.

"Umetembea dunia nzima ukiwacheka walimu," alisema Taghreed. "Na kumbe kibao ulikichonga wewe mwenyewe. Kwangu usiombe kitu chochote mpaka umwombe yeye. Na nitakuwepo. Nataka kuona kwa macho yangu."

Walikwenda Jumapili, pamoja na Anifa, aliyefunga duka ili asindikize na ili asikose kuona. Mgahawa wa Kabula ulikuwa kando ya barabara kuu, mahali yanapoegeshwa malori yaendayo Rwanda na Burundi: bati juu, mabenchi marefu, sufuria la supu lenye ukubwa wa tairi. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye kitenge kiunoni na kijiko mkononi, na kwa dakika kumi za mwanzo hakuwaona, kwa hiyo waliketi wakasikiliza. Alimsalimia dereva mmoja kwa Kinyarwanda, amakuru, yaani habari, wakacheka jambo ambalo hawakulielewa. Aligeuka akamhesabia Mrundi chapati kwa Kifaransa. Mganda mmoja alilalamika kwa Kiingereza kwamba nyama ni ngumu, naye akamjibu kwa Kiingereza hicho hicho, bila kusimama, kwamba nyama ni laini, meno yake ndiyo yamezeeka. Benchi zima likacheka. Dereva Mnyarwanda akamwambia Anifa kwamba yeye shuleni alianza kwa Kifaransa, katikati serikali ikabadilisha wakaambiwa Kiingereza, na leo kazi yake yote anaifanya kwa Kiswahili, ambacho hakuna aliyemfundisha.

Taghreed alimtazama Twalibu. Shahada yake ya pili ilikuwa imemkaa vibaya kifuani.

Kabula alipofika mezani kwao alimwona kaka yake. Hakushtuka. Hakumwamkia.

"Karibu, mteja," alisema.

Twalibu alisimama. Alianza kwa Kisukuma, taratibu, macho chini, lakini dada yake alimkatiza na kumwambia aseme Kiswahili, mgeni wake asikie. Akasema. Alisema alichomfanyia, siku zote tatu, bila kuruka, na akasema kwamba hapakuwa na sababu. Alisema samahani. Madereva walikuwa wameacha kutafuna.

"Wamekufundisha nini huko Ulaya?" aliuliza Kabula. "Kwamba mtoto asivalishwe ubao?"

"Ndiyo."

"Miaka miwili, na ndege." Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Ungepanda basi la Nzega ningekwambia siku hiyo hiyo. Nilikuwa nakusubiri uje useme. Mwaka wa kwanza nilikusubiri kila Jumapili. Sasa umekuja, nina wateja."

Hakulia, na hakumkumbatia. Aliwaletea supu na chapati, akaweka bakuli la Twalibu mwisho. Wakati wa kuondoka alimshika Taghreed mkono, akageuza bangili zake, akasema ni nzuri. Akamwambia kaka yake aje tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, na atamwambia lini inatosha. Kisha akamnong'oneza Taghreed, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba huyu akimuoa asimruhusu kumsahihisha.

Ndani ya basi la kurudi Twalibu alikaa dirishani akitazama nje mpaka Puge ikapita. Hakuomba kitu. Hilo ndilo lililomlainisha Taghreed, ingawa hakumwonyesha.

Wiki mbili baadaye walimu wale wale sabini walikutana kwa kikao cha pili, cha kufunga semina. Twalibu aliomba dakika kumi na tano. Aliwaonyesha dakika zile alizozikata, muuza asali na mgeni wake, watoto wakicheka kwa Kiingereza kibovu na kitamu. Alisema huyu ndiye mwalimu bora aliyemwona, Uholanzi ikiwemo, na kwamba yeye alimkata ili aonekane mjuzi. Kisha akasimulia habari ya kibao cha Puge. Baadhi ya walimu waliinamisha vichwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na chake. Bwana Yoramu alitoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imeita.

Jioni hiyo simu ya Twalibu iliita.

"Pale uliposema Kiingereza," ilisema sauti aliyoikosa simuni zaidi ya mwezi, "umekosea mara mbili."

"Ulikuwepo?"

"Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Ili nikitaka kuondoka nisiombe samahani watu saba."

Twalibu alikaa chini, palepale barabarani, juu ya jiwe la mpaka. "Na hukuondoka," alisema.

"Sikuondoka, habibi."

Twalibu alimuuliza kama anaweza kuja kwao. Taghreed alimwambia aje na mjomba wake, na aje na viatu vya kawaida.

Walikuja Ijumaa baada ya sala, Twalibu katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na Mjomba Limbu, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke, katika koti lake la harusi zote. Sebuleni palitandikwa zulia jekundu, palikuwa na halua, tende na birika la kahawa. Mzee Majid aliwapokea vizuri. Murtadha aliwapokea kwa meno tu. Mjomba Limbu alieleza haja yao kwa adabu na kwa ufupi, na alipomaliza, Murtadha akamgeukia baba yake na kuanza kuzungumza Kiarabu.

Alizungumza kwa muda mrefu, akitabasamu, mikono ikicheza, kama mtu anayewasifu wageni. Mzee Majid alitikisa kichwa. "Naam," alisema. "Naam." Mjomba Limbu naye akatabasamu kurudisha heshima. Twalibu peke yake hakutabasamu. Hakujua neno hata moja, lakini kicheko cha pua alikijua anapokiona.

Pazia likafunguka. Taghreed aliingia na sinia la vikombe, akaliweka chini, na badala ya kurudi ndani akabaki amesimama.

"Samahani, baba," alisema. "Wageni hawajaelewa. Nitawatafsiria."

"Hakuna haja," alisema Murtadha.

"Ipo." Alikunja mikono mbele, kama alivyosimama mbele ya darasa. "Kaka anasema hivi. Mababu wa watu hawa walibeba pembe zetu kichwani kutoka hapa mpaka pwani, na leo wamekuja kumbeba dada yetu. Anasema sebule inanuka tumbaku. Anasema wapewe kahawa ili wasije wakasema tuna choyo, kisha waambiwe tutafikiri, na Qais alete mahari mwezi ujao. Anasema mwalimu wa serikali atanilisha chaki." Akamtazama kaka yake. "Hapo kwenye kubeba umekosea, Murtadha. Umewasema wanaume kwa kitenzi cha wanawake. Kule Maskati wangekucheka."

Hakuna aliyegusa kikombe. Uso wa Murtadha ulikuwa umebadilika rangi, na alimtazama baba yake akingoja aokolewe.

Mzee Majid alimgeukia binti yake. "Amesema hayo?" aliuliza.

Taghreed hakumwelewa. "Baba, wewe ulikuwa unaitikia."

"Nilidhani anawakaribisha," alisema mzee. Alifuta uso kwa leso, polepole, kama mtu anayevua kitu kizito. "Kiarabu changu mimi kinaishia kwenye sala. Jamaa wa Maskati wakija huwa naitikia tu. Miaka arobaini naitikia. Nani anajua nimekubali mambo gani."

Mjomba Limbu ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa, na kicheko kikamshika Mzee Majid mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Walipotulia, Mjomba Limbu alisema ni kweli, babu zake walibeba, na Kiswahili anachokizungumza walikiokota huko huko njiani, wakakileta nyumbani bila kudaiwa ada. Alisema hana aibu nacho wala na tumbaku yake.

"Murtadha," alisema Mzee Majid, na sauti yake haikuwa ya upole. "Mimina kahawa. Anza na mjomba wao."

Murtadha akamimina. Kahawa ikagusa zulia.

"Na wewe, mwanangu," mzee alimwambia Taghreed, "unasemaje? Sema kwa lugha ninayoijua."

"Namtaka, baba."

Mzee alitikisa kichwa, safari hii akijua anachokikubali.

Qais alipigiwa simu kabla ya alasiri. Taghreed alizungumza naye mwenyewe, kwa Kiarabu, sentensi nne, na hakuombwa kurudia hata moja. Kisha akawatoa wageni mpaka getini. Mjomba Limbu akatangulia barabarani, akijifanya anatafuta bodaboda, ingawa tatu zilikuwa zimesimama mbele yake.

Twalibu alinusa mkono wa kanzu yake.

"Hebu niambie kweli," alisema. "Nanuka tumbaku?"

"Unanuka," alisema Taghreed. Alimwondolea uzi mweupe begani, akaushika kati ya vidole badala ya kuutupa. "Nimeshaamua kuizoea."